Kasoro ya Bawa la Kushoto

Kila alasiri akitoka shuleni, Rawya alikuwa na kazi mbili. Kwanza alipanda paani kuwalisha njiwa wa mama yake. Kisha alishuka, akanawa mikono kwa sabuni, na kuketi kwenye meza ya sebuleni kuendelea na mabawa yake. Hakupuuza kunawa hata siku moja, maana karatasi aliyoitumia ilikuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na kidole chenye mafuta huacha juu yake doa lisilotoka.

Rawya alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, naye alikuwa mwanachama wa chama cha ndege za mfano mjini Fayum. Ndege zao hazikuwa na injini. Walizijenga kwa vijiti vyepesi vilivyochongwa katika makuti ya mitende, wakazivika karatasi, na ndani yake wakafunga ukanda wa mpira. Mpira ukisokotwa sana kisha ukiachiwa, huzungusha pangaboi lililo puani, na ndege hupaa. Kila Ijumaa alfajiri, kabla upepo haujaamka, wanachama walikwenda ukingoni mwa jangwa, mahali pasipo nyumba wala miti, wakazirusha.

Chama hicho kilianzishwa na Daktari Shawqi, daktari wa meno aliyestaafu. Watu wa mjini walimheshimu kwa mambo mawili: aling'oa jino bila kumliza mtu, na alijenga ndege ambazo zilikaa angani hata watazamaji wakachoka shingo. Lakini tangu majira ya baridi hakuwa amefika uwanjani. Alisema magoti yanamsumbua.

"Ijumaa ijayo Daktari anatimiza miaka themanini," Mwalimu Awatif aliwaambia wanachama siku moja baada ya masomo. Alikuwa mwalimu wa fizikia, na ndiye aliyekiongoza chama siku hizo. "Nimemwomba aje tumsherehekee uwanjani. Amekubali, lakini amesema anakuja mara hii tu, kuaga."

"Mimi sitaki aage," Mwalimu akaendelea. "Nataka tumjengee ndege mpya, airushe yeye mwenyewe kwa mara ya kwanza, hapo hapo mbele ya watu. Akiiona inapaa kutoka mkononi mwake, huenda akarudi kwetu. Bishoy atajenga kiwiliwili na mkia. Rawya, wewe utajenga mabawa."

"Miaka themanini!" akasema Bishoy, ambaye hakujua kunyamaza muda mrefu. "Mishumaa themanini juu ya keki moja! Tutahitaji zimamoto."

Wote walicheka. Rawya hakucheka. Moyo wake ulikuwa umejaa. Kupewa mabawa ilikuwa heshima kubwa, kwa sababu mabawa ndiyo ndege.

Akafanya kazi kwa uangalifu siku zote zile. Alipanga mbavu moja moja juu ya ubao, akazibana kwa pini, akatia gundi tone kwa tone. Bawa la kulia lilikamilika kwanza, likakauka vizuri. Siku mbili kabla ya sherehe alilivika bawa la kushoto karatasi yake, akaipaka vanishi nyepesi, akaliacha limebanwa ubaoni. Kanuni aliijua kwa moyo: karatasi ikikauka hukaza, na ikikaza hulivuta bawa. Kwa hiyo bawa haling'olewi pini mpaka likauke kabisa, usiku mzima na zaidi.

Jioni hiyo mama yake akaingia sebuleni na kitambaa cha meza begani.

"Rawya, ondoa uwanja wako wa ndege hapa. Wakwe wa dada yako wanakuja kusoma Fatiha ya uchumba. Watakula wapi, hewani?"

"Mama, bado halijakauka!"

"Basi libebe na ubao wake ulipeleke chumba cha juu, karibu na njiwa. Taratibu tu, ngazi kwa ngazi. Lakini fanya haraka, wageni wako njiani."

Rawya alitazama ubao. Ulikuwa mrefu na mzito, na ngazi zilikuwa na kona mbili. Alikuwa pia bado hajavaa gauni lake jipya, na kutoka chumbani alisikia vicheko vya binamu zake wakimpamba dada. Akaligusa bawa kwa kidole. Halikunata. "Limekauka," alijiambia, ingawa alijua kwamba kutonata si kukauka. Akang'oa pini zote, akalisimamisha bawa nyuma ya kabati, akakimbia kuvaa.

Sherehe ya dada ilikuwa nzuri. Asubuhi yake Rawya alilitoa bawa nyuma ya kabati. Ncha ya bawa ilikuwa imejisokota kama jani la mhindi lililokaa juani. Alililaza mezani, akaliwekea juu kamusi na Kurani ya babu yake iliyofungwa kwa kitambaa. Halafu akaona aibu, akaiondoa Kurani, akaweka sufuria. Alipoviondoa vitu vyote, bawa lilikaa sawa kwa muda mfupi, kisha ncha yake ikajiinua polepole, kama mtu anayeamka usingizini.

Hapakuwa na muda wa kujenga jingine. Angemwambia Mwalimu Awatif, lakini angeanzaje? "Ulinipa mabawa, nami nikakimbilia gauni." Aliona afadhali afe.

Siku hiyo mchana waliunganisha ndege darasani. Rawya alilikandamiza bawa mezani kwa kiganja wakati Mwalimu akilitazama. Mwalimu, aliyekuwa na simu mkononi akiulizia keki, alisema, "Mbavu safi sana, hongera," akaenda zake. Bishoy peke yake ndiye aliyeinama, akaitazama ndege kwa nyuma.

"Rawya, mbona bawa hili linanikonyeza?"

"Macho yako ndiyo yamepinda."

"Macho yangu yana miwani mpya."

"Basi mrudishie aliyekuuzia."

Bishoy alicheka, akaacha. Rawya hakucheka. Usiku alilala akiiona ndege ikipaa na kupinduka, tena na tena.

Alfajiri ya Ijumaa kulikuwa shwari kabisa. Uwanja ulijaa kuliko kawaida: wanachama, wazazi wao, na wazee kadhaa ambao Daktari aliwahi kuwatengenezea meno. Mama mmoja alileta mikate ya samli yenye tabaka, asali na jibini. Mtu akawasha jiko la gesi nyuma ya gari, akateleka birika kubwa la chai. Juu ya meza ya kukunja palikuwa na keki, na katikati ya keki mshumaa mmoja tu mnene, maana ushauri wa Bishoy wa zimamoto ulizingatiwa.

Daktari Shawqi aliletwa na binti yake, Bibi Sohair. Alivaa koti na kofia ya sufu, akatembea kwa hatua nzuri kuliko watu walivyotarajia.

"Kila mwaka uwe mzima, Daktari!"

"Nanyi muwe wazima. Nani huyu? Faragalla? Lile gego bado lipo?"

"Lipo, Daktari. Linatafuna hata mawe."

"Usitafune mawe. Nimestaafu."

Alicheka na kila mtu, lakini mikono yake ilibaki mifukoni mwa koti. Alipoletewa chai alisema atakunywa baadaye.

Mwalimu Awatif akaileta ndege. Ilikuwa nzuri kweli, mabawa yake meupe yakipitisha mwanga wa asubuhi. Daktari aliiangalia muda mrefu bila kuigusa. Kisha akawageukia watoto, na watu wakasogea karibu, maana walijua linalofuata.

Chama kile kilikuwa na desturi moja ambayo Daktari aliianzisha mwenyewe. Hakuna ndege iliyorushwa kabla aliyeijenga hajasimama na kutaja kasoro yake kwa sauti. Kila ndege ina kasoro, ndivyo alivyowafundisha, na anayerusha lazima aijue kabla hajaachia mkono. Mtu akisema ndege yake haina kasoro, aliambiwa arudi nyumbani akaitafute.

"Kiwiliwili ni cha nani?" Daktari akauliza.

"Changu," akasema Bishoy. "Pua ni nzito kidogo. Nilizidisha gundi. Nilikuwa ninakula maandazi huku ninapaka."

"Maandazi yamo ndani?"

"Sukari tu, Daktari."

Watu wakacheka. "Na mabawa?" Daktari akauliza.

Rawya alisimama. Alikuwa amelala na jibu lake tayari, na sasa lilitoka kwa urahisi uliomtisha.

"Karatasi ina mkunjo mdogo, hapa karibu na kiwiliwili. Niliivuta vibaya."

Mkunjo huo ulikuwapo kweli. Ulikuwa mdogo kama ukucha, na haukuwa na madhara yoyote.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu, Daktari."

Daktari akamtazama kwa upole. Hakuinama kulikagua bawa. Hakuwahi kumkagua mtu aliyekwisha kutaja kasoro yake. "Vizuri, binti yangu. Kama ni hiyo tu, basi Mwalimu, usokote mpira hadi mwisho. Leo tuipe nguvu zote."

Mwalimu Awatif akachukua kisokotio, kilichotengenezwa kwa keekee ya mkono, akaanza kuzungusha. Mpira ukajikaza, vinundu vikapangana ndani ya kiwiliwili kama shanga. Rawya alijua kila mzunguko ulikuwa na maana gani. Ndege yenye bawa lililopinda, ikiwa na nguvu kidogo, huyumba tu. Ikiwa na nguvu zote, hulalia ubavu na kupiga mbizi ardhini. Ingetoka mkononi mwa Daktari Shawqi, mbele ya watu wote hawa, na kuvunjika miguuni pao. Naye angedhani ni mkono wake uliokosea. Angekwenda nyumbani na asingerudi tena.

Mwalimu alimaliza. Akamnyooshea Daktari ndege.

"Ngoja!" Rawya alisema.

Sauti yake ilitoka nyembamba. Watu wakageuka.

"Siyo hiyo tu. Bawa la kushoto limepinda. Niling'oa pini kabla halijakauka, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuvaa gauni. Nililijua tangu jana. Nimetaja ule mkunjo ili nisitaje hili."

"Nilisema mimi!" Bishoy akaruka. "Haki ya Mungu nilisema linanikonyeza!"

"Bishoy," alisema Mwalimu Awatif, naye akanyamaza. Kisha Mwalimu akamtazama Rawya, uso wake umebadilika. "Jana nilikuuliza, Rawya."

"Uliniambia hongera, Mwalimu. Hukuniuliza. Lakini nilipaswa kukwambia."

Mzee Faragalla akapiga makofi mapajani. "Basi leo hakuna ndege. Tukate keki, chai inachemka."

"Keki haina miguu, Faragalla, haitakimbia," akasema Daktari. Hakuonekana kukasirika. Alikuwa anafikiri. "Lakini hiyo chai inayochemka, hiyo ndiyo ninayoitaka. Mwalimu, uachie mpira taratibu, ujisokotoe. Rawya, chomoa bawa, uje hapa kwenye birika."

Rawya alikwenda. Machozi yalikuwa yameanza, na hakuweza kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa imebeba bawa.

"Karatasi iliyopakwa vanishi ikipata mvuke hulegea," Daktari alimweleza. "Ikilegea, unalisokota bawa kinyume na lilivyopinda, na upite kidogo. Unalishika hivyo nje ya mvuke mpaka lipoe. Likipoa, linakubali. Nimeyanyoosha mengi kwa njia hii, yangu mwenyewe yakiwa ya kwanza."

"Linyooshe wewe, Daktari. Mimi nitaliharibu zaidi."

Daktari alitoa mikono mifukoni, akaikunjua mbele yake juu ya birika, katikati ya mvuke, mahali ambapo kila mtu angeiona.

Mikono ilikuwa inatetemeka. Haikutetemeka kwa baridi. Vidole vilikuwa vikipigapiga hewa, vyenyewe, kama vidole vya mtu apigaye ngoma ndogo isiyosikika.

"Sasa na mimi nitaje yangu," alisema Daktari Shawqi. "Kasoro yangu ni hii. Ilianza kabla ya majira ya baridi. Siwezi kubana pini wala kupaka gundi. Leo nilikusudia kuirusha ndege yenu hivi hivi, na ikianguka, niseme ni upepo."

"Hakuna upepo, Daktari," akasema Bishoy kwa sauti ndogo.

"Ndiyo maana nilikuwa na wasiwasi, mwanangu."

Bibi Sohair alikuwa amesogea. "Baba! Ulituambia ni magoti! Nimekununulia dawa ya magoti miezi yote hii!"

"Magoti yangu ni mazima kabisa, nisamehe. Niliyasingizia. Dawa nilimpa bawabu, na anakushukuru sana." Alimgeukia Rawya. "Nimewafundisha watoto wa mji huu miaka mingi wataje kasoro zao, nami nikaificha yangu mfukoni. Ni wewe uliyenitangulia. Haya, mimi nina macho na mdomo, wewe una mikono. Weka bawa kwenye mvuke. Siyo karibu hivyo, utaungua. Hapo."

Rawya aliliweka. Karatasi ililegea, ikafifia kama kioo kilichopumuliwa. "Sokota," alisema Daktari. "Zaidi. Usiogope, litalia kidogo." Bawa lililia kidogo. Alilitoa kwenye mvuke, akalishika limesokotwa kinyume. Vidole vilimuuma, lakini hakuviachia. Watu wote walisubiri kimya, hata Bishoy. Hatimaye Daktari akasema, "Achia."

Ncha ya bawa ilirudi nyuma kidogo, ikasimama. Daktari alipiga magoti yake mazima mchangani, akalitazama kwa nyuma, jicho moja limefumbwa.

"Limebaki kuinama unywele mmoja. Basi tutausokota mpira nusu tu, kwanza tuone. Mwalimu, nusu."

Ndege ikaunganishwa tena, mpira ukasokotwa nusu. Daktari aliinyoosha mikono yake inayotetemeka, akaishika ndege, na ndege nzima ikaanza kutetemeka naye.

"Rawya, weka mkono wako chini ya wangu. Ushike kwa nguvu. Tunaisukuma mbele, siyo juu. Ndege inajua juu ni wapi."

Waliisukuma pamoja. Ndege ililala kidogo upande wa kushoto, na Rawya akafumba macho. Alipoyafumbua, ilikuwa imejiinua. Ilizunguka uwanja kwa duara pana, ikipanda taratibu juu ya vichwa vyao, mabawa yakiwaka juani. Pangaboi liliposimama, iliteleza kimya na kutua mchangani mbele ya meza ya keki, kama mgeni aliyealikwa.

Watu walipiga makofi. Mzee Faragalla alifuta macho kwa mkono wa kanzu, akasema ni mchanga.

"Sasa," alisema Daktari, na sauti yake ilikuwa imepata ujana, "hadi mwisho."

Mara ya pili ilipaa juu sana hata Bishoy akavua miwani mpya, akaifuta na kuivaa tena. Mara ya tatu ndiyo ilikuwa ndefu kuliko zote. Baadaye wakakata keki. Mshumaa ulizimwa na watoto wote kwa pamoja, kwa hiyo keki ilipata mate ya kutosha, na hakuna aliyejali.

Rawya alimletea Daktari kipande chake kwenye sahani, akaishika sahani wakati mzee akila kwa kijiko.

"Daktari, umenisamehe?"

"Nilikuwa sijakukasirikia. Nakuambia jambo moja, ulikumbuke ukiwa mkubwa." Alimeza kwanza. "Kupindisha bawa si kosa kubwa. Kila mjenzi amepindisha. Kosa lako lilikuwa kutaja dogo ili ufunike kubwa. Huo ni uongo uliovaa nguo za ukweli, na ndio unaodanganya watu wema, kwa sababu wakisikia umekiri kitu hawakuulizi zaidi. Mimi sikukuuliza. Lakini ulisema kabla ndege haijatoka mkononi. Kasoro ikitajwa mapema, watu wana muda wa kuchemsha maji. Ikifichwa, wanabaki kuokota vipande. Nami nimejifunza hivyo hivyo leo, na nina miaka themanini, kwa hiyo wewe umewahi."

"Kwa hiyo hutaaga?"

"Nani aliyesema ninaaga? Nimekuja kula keki. Ijumaa ijayo nitaketi kwenye kiti hiki, ninyi mtaleta mikono. Na kesho Sohair atanipeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu, maana sasa amejua."

Mwalimu Awatif, aliyekuwa amesimama karibu, alimwekea Rawya mkono begani. Akautoa mkono wake pale tu aliposikia miguu nyuma yao.

Watoto walikuwa wamejipanga mbele ya kiti cha Daktari, kila mmoja na ndege yake kifuani. Hawakuwa wameitwa. Wa kwanza, msichana mdogo mwenye asali kidevuni, aliinua ndege yake na kusema kwa haraka, kama mtu anayetema dawa chungu:

"Daktari, yangu mkia wake ulivunjika tangu mwezi uliopita, nikaubandika kwa gundi ya sandarusi, nikaupaka rangi juu."

"Karibu, mwanangu," alisema Daktari Shawqi, akisogeza sahani pembeni. "Tuuone."